Sura ya 6: Baridi ya Masalani

Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku. Kila rakaa ina sijda mbili, kwa hivyo anayeswali vipindi vyote vitano hulaza paji la uso chini mara 34, na hapo hujahesabu sunna. Hakuna daktari anayempima mgonjwa wake goti mara 34 kwa siku. Ndiyo maana katika mji kama Masalani ugonjwa wa sura hii huonekana kwenye mswala miaka mingi kabla haujafika hospitalini. Mwanzo ni mkono mmoja unaotangulia kugusa mkeka kabla ya goti. Mwaka unaofuata ni mikono miwili. Kisha siku moja bibi anainuka kutoka sijda kwa kushika ukuta, mjukuu anauliza kulikoni, na jibu linakuja kwa neno moja: baridi.

Baridi! Ukitaka kujua uzito wa neno hilo, shuka Masalani saa sita mchana mwezi wa Februari. Huu ndio mji mkuu wa Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, ng'ambo ya mto Tana ukitokea upande wa Hola. Saa hiyo mbuzi wamejibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta kana kwamba wamepangiwa foleni, punda amesimama macho nusu, na mabati ya maduka yanalia ta, ta kwa jua. Hapo ndipo mtu anapokuambia, akifuta jasho kwa ncha ya mtandio, kwamba goti lake limeingiwa na baridi.

Jina hilo lakini halikuokotwa njiani. Baridi yabisi ni maneno mawili ya Kiarabu, la ubaridi na la ukavu, na nyuma yake umo utabibu mzima wa Wayunani ambao Waarabu waliurithi na kuukuza. Katika utabibu ule kila kilichomo mwilini ni mchanganyiko wa joto au ubaridi, unyevu au ukavu. Kiungo kilichokakamaa kama ngozi iliyosahauliwa juani kilihesabiwa kuwa kibaridi na kikavu, tabia ya udongo. Utabibu huo ulishuka pwani pamoja na majahazi, ukafa, jina likabaki. Leo vitabu vya afya hulitumia jina la baridi yabisi kwa magonjwa ya viungo kwa jumla, hasa ule ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Ugonjwa wetu wa sura hii ni mwingine. Wataalamu wanauita osteoathritisi. Mitaani wanasema magoti yamesagika.

Kisomali, lugha ya wengi wa Masalani, kinaliita goti *jilib*. Neno hilohilo ni jina la tawi la ukoo, wale jamaa wanaochangiana dia na kubebana wakati wa shida. Napenda sana kwamba lugha moja imeona goti na jamaa kuwa kitu kimoja: mahali pa kukunjika bila kukatika.

Ayeyo ninayemfikiria ninapoandika haya, na nitamwita ayeyo tu, yaani bibi kwa Kisomali, kama mtaa mzima unavyomwita, anauza chai na maziwa kwenye kibanda cha turubai. Kutwa nzima yuko juu ya kigoda kisichozidi shibiri mbili. Nilikaa naye asubuhi kadhaa, na nilichojifunza zaidi ni jinsi anavyosimama. Kwanza anataja jina la Mungu. Anauvuta mguu wa kulia karibu na kigoda, anaweka kiganja juu ya paja, anainamisha kifua mpaka ushungi unakaribia jiko, anasukuma. Kiuno kinapanda kabla ya mabega. Katikati ya safari anatulia, nusu ameinuka, kama mtu aliyesahau alichokusudia, na hapo goti linalia, kah. Uso hauonyeshi kitu. Hatua tatu za kwanza ni za bata. Kuanzia ya nne anatembea kama mimi na wewe.

Siku moja, kwa kuwa sote kibandani tulikuwa wanawake, alipandisha gauni lake la dirac akanionyesha. Kuzunguka pia ya goti palikuwa na makovu ya mviringo, sita, kila moja ukubwa wa sarafu, yamepangwa kwa ustadi kama vifungo. Ni alama za moto. Mti huchomwa ncha hadi iwe kaa, ikabandikwa penye maumivu.

"Ayeyo, hizi ni za lini?"

"Hizi za chini alinitia mama yangu. Hizi za juu, ukame wa juzi."

"Zilisaidia?"

"Zilisaidia." Akashusha nguo. "Mwezi mzima niliuguza kidonda, nikasahau goti."

Wanawake walicheka, naye akacheka, lakini ndani ya mzaha ule mna kweli ya kitabibu. Maumivu mapya huyafunika ya zamani kwa muda, ubongo ukasikiliza yale yenye kelele zaidi. Moto haufiki kwenye kiungo. Unafika kwenye ngozi, na ngozi ikipata usaha juu ya goti la mtu mwenye kisukari, shida ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Miongoni mwa wafugaji wa Kisomali husemwa kwamba moto na ugonjwa havikai nyumba moja. Ugonjwa ukiitwa baridi, moto unakuwa jibu lake la haki, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba katika mji huu jina ndilo linaloandika dawa. Anayesema ni baridi hutafuta moto, au mafuta ya simsim yaliyopashwa, au hufunga goti kwa kitambaa cha sufu katikati ya joto. Anayesema limesagika humwona fundi wa sindano atie "mafuta" mapya, kisha hukaa kitako akihofia kumaliza kilichobaki. Anayesema ni uzee hafanyi lolote. Majina matatu, na kila moja limempeleka mtu pabaya kwa njia yake.

Hilo la pili, la kusagika, ndilo ninalogombana nalo zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli. Mtu akisikia kusagika anafikiria jiwe la kinu au bawaba ya mlango: kadiri inavyotumika ndivyo inavyolika. Goti ni kitu hai. Ncha za mifupa, fupapaja juu na muundi chini, zimevikwa gegedu, tabaka jeupe linaloteleza kuliko barafu juu ya barafu. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula chake hulifikia kupitia ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kama maji kwenye sifongo: unapokanyaga unakamuliwa, unapoinua mguu unanyonywa. Goti lisilotembezwa ni goti lenye njaa.

Katika osteoathritisi gegedu hupungua, ni kweli, ila haliumi, kwa kuwa halina hata neva. Kinachouma ni majirani zake: mfupa ulio chini yake unaokuwa mgumu na kuota miiba pembeni, utando wa kiungo unaovimba, kano zinazovutwa, na msuli wa paja unaonywea kwa kutotumiwa mpaka kila hatua inaangukia mfupani. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kukudanganya pande zote mbili. Kuna mtu ambaye picha yake inatisha naye anachunga ng'ombe kutwa, na kuna ambaye picha yake ni safi naye hawezi kupanda ngazi. Miongozo ya Uingereza inasema waziwazi kwamba mtu wa miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayokuja na kazi, na ukakamavu wa asubuhi usiozidi nusu saa, hahitaji picha ili kutambuliwa. Zile hatua tatu za bata za ayeyo zilitosha.

Ni wangapi kama yeye? Jarida la Lancet Rheumatology lilitoa hesabu ya dunia mwaka 2023. Mwaka 2020 watu milioni 595 walikuwa na osteoathritisi, asilimia 7.6 ya binadamu wote, yaani mmoja katika kila 13. Mwaka 1990 hawakufika nusu ya idadi hiyo. Ifikapo 2050 wanakadiriwa kukaribia bilioni moja. Goti ndilo linaloongoza, na katika kila wagonjwa kumi sita ni wanawake. Masalani imo ndani ya hesabu hiyo hata kama huioni kwa macho, kwa sababu goti haliui. Kwenye daftari la wagonjwa malaria, kuhara, uzazi na kuumwa na nyoka hutangulia, na ndivyo inavyopasa. Wageni wengi wanaofika eneo hili huja kumtazama hirola, yule swala adimu wa hifadhi ya Ishaqbini, ambaye idadi yake duniani inakadiriwa kuwa chini ya 500. Hirola amehesabiwa kutoka angani. Sijasikia ndege iliyorushwa kuhesabu magoti.

Ongezeko hilo la wagonjwa husemwa linatokana na mambo mawili, maisha marefu na miili mizito, na yote mawili ni kweli. Ila mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima mifupa ya zaidi ya watu 2,000 waliokufa wakiwa na miaka 50 kwenda juu, wengine wa karne ya 19, wengine wa juzijuzi, na wengine wawindaji na wakulima wa kale. Magoti yaliyoharibika yalikuwa asilimia 16 kwa watu wa siku hizi, 6 kwa wale wa mwanzo wa viwanda, 8 kwa wale wa kale. Walipoondoa umri na uzito katika hesabu, pengo lilibaki: ugonjwa ulikuwa umeongezeka maradufu tangu katikati ya karne ya 20. Huenda kuna kitu kingine katika maisha ya kukaa kinacholidhoofisha goti, na watu wale wa kale waliotembea maisha yao yote walikuwa nalo zima kuliko sisi tunaojidekeza.

Kabla hujafurahi ukasema basi mfugaji wa Ijara amesalimika, sikiliza upande wa pili. Huko Beijing wazee waliulizwa walikuwa wakichuchumaa saa ngapi kwa siku walipokuwa na miaka 25. Waliochuchumaa zaidi ya saa 3 walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuharibikiwa na magoti uzeeni, ukiwalinganisha na waliochuchumaa chini ya nusu saa. Sasa fikiria maisha ya ayeyo. Ijara ni nchi ya ng'ombe kuliko ngamia. Mkamaji wa ngamia husimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya paja la mguu uliokunjwa. Mkamaji wa ng'ombe huchuchumaa. Kuwasha moto ni kuchuchumaa, kuosha vyombo ni kuchuchumaa, choo ni kuchuchumaa. Kujenga herio, nyumba ya kuhamahama, na kuivunja ni kazi ya mwanamke, kukata kuni ni yake, na jerikeni ya lita 20 mgongoni ni kilo 20 pasipo kuhesabu mtungi. Kisha misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, mifugo ikafa, jamaa wakahamia mjini. Mwanamke yuleyule aliyechoshwa magoti na kazi akakalishwa kwenye kigoda kutwa nzima, chai ya sukari mkononi. Goti lake limepigwa na maisha mawili, ya mwendo na ya kukaa, moja baada ya jingine. Ongeza uzazi, kukoma hedhi, na urithi wa mama mwenye makovu yaleyale.

Wanaume wana njia yao ya mkato: bodaboda. Goti lililovunjika au kukatika kano katika miaka ya ishirini linaweza kuzeeka kabla ya mwenyewe kupata mvi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu si kila goti linalouma Masalani ni la osteoathritisi, na kosa hili huwagharimu watu. Kuna brusela, homa ya maziwa mabichi. Inakuja na homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, mgongo na viungo kuuma, na mtu anaweza kuzunguka nayo miezi akidhani ni baridi. Dawa yake ni viuavijasumu viwili kwa wiki sita au zaidi, pamoja na kuchemsha maziwa, ushauri ambao wafugaji huupokea kwa uso wa huruma. Kuna chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde na lina maana ya kukunjika. Ilitambuliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1952. Mwaka 2004 iliikumba Lamu, jirani wa Ijara, na vipimo vya damu baadaye vilionyesha kwamba takriban watu watatu katika kila wanne wa kisiwa kile walikuwa wameambukizwa. Wengine viungo viliwauma kwa miezi mingi. Kuna jongo, linalovamia usiku mmoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu hata shuka haigusiki. Kuna kifua kikuu cha kiungo. Na kuna ile baridi yabisi halisi, ambayo huanza na viungo vidogo vya mikono yote miwili na kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi. Goti likiwa la moto, limevimba ghafla, lina homa, au mtu anakonda bila sababu, hilo ni la hospitali leo, kabla ya moto na kabla ya mafuta ya simsim.

Na ubaridi wenyewe, hauna hatia? Wagonjwa wengi duniani huapa kwamba goti lao hujua mvua kabla ya mawingu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walilinganisha safari zaidi ya milioni 11 za wazee kwa madaktari na kumbukumbu za mvua. Siku za mvua hazikuleta malalamiko zaidi ya viungo. Nilimweleza ayeyo. Akaniuliza kama hao wazee wa Marekani wanalala chini.

Basi tiba. Nianze na ile wanayoikimbilia wengi, sindano. Zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kutuliza maumivu inayochomwa kwenye makalio dukani, mara nyingi diklofenaki. Goti linatulia siku mbili, na kesho kutwa mtu anarudi. Ya pili ni ya steroidi ndani ya kiungo. Ikichomwa na mjuzi kwa mikono safi inatuliza wiki kadhaa, na ina mahali pake, kwa mfano mtu aliyezidiwa anahitaji nafasi ya kuanza mazoezi. Kuifanya desturi ndilo kosa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2017 liliwachoma wagonjwa kila wiki 12 kwa miaka miwili: maumivu yao hayakupungua kuliko ya waliochomwa maji ya chumvi, na gegedu lao lilipungua zaidi. Yale "mafuta mapya" yalikuwa yakichota yale ya zamani.

Vidonge vya aina ya brufeni na diklofenaki vinasaidia kweli, lakini mahali penye joto kama hapa nina neno navyo. Hukwaruza tumbo mpaka vidonda vitoe damu, hupandisha presha, na huyabana mafigo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji. Mzee anayefunga Ramadhani katika joto la Ijara huku akimeza vidonge hivyo kila futari na kila daku anayacheza mafigo yake kamari. Dawa hiyohiyo ipo kama jeli ya kupaka. Kwa goti, ambalo liko karibu na ngozi, jeli hufanya kazi karibu sawa na kidonge, na kinachoingia damuni ni kidogo mno. Ajabu ni kwamba watu huidharau kwa kuwa haichomi wala haimezwi. Panado, iliyozoeleka kuliko zote, imeonekana kuwa na nguvu ndogo sana kwa ugonjwa huu. Glukosamini vilevile, licha ya bei. Na jihadhari na vidonge vya "mitishamba" vinavyoponya kwa siku mbili: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopima baadhi ya hivyo ilikuta diklofenaki na steroidi zimefichwa ndani bila kuandikwa kwenye kibandiko. Mti unaofanya kazi haraka hivyo una kiwanda nyuma yake.

Upo pia upasuaji wa kuosha goti kwa kamera, ambao kwa miaka mingi ulifanywa duniani kote. Mwaka 2002 madaktari wa Houston walichapisha jaribio la wagonjwa 180: wengine walioshwa goti, wengine walikwanguliwa, na wengine walichanjwa ngozi tu, wakashonwa, wasijue. Baada ya miaka miwili hakukuwa na tofauti. Nilipokuwa nikiisoma habari hiyo nilikumbuka yale makovu sita, na nikaacha kumcheka fundi wa moto.

Dawa yenye ushahidi mzito kuliko zote ni mazoezi, na kuisema mbele ya mwanamke wa Ijara kunahitaji adabu. Niliyaona haya kibandani. Mtaalamu wa viungo, binti wa mjini humo, alikuja kunywa chai akasema, "Ayeyo, tembea."

"Nitembee niende wapi, mwanangu? Mimi nimetembea kutoka Hulugho na ng'ombe, wewe hujazaliwa."

Binti hakubisha. Aliomba kiti cha plastiki kwa muuza simu wa jirani, akakiegemeza ukutani, akakaa, akakunja mikono kifuani, akasimama polepole, akakaa polepole. Mara kumi. Zoezi la kwanza ndilo hilo. Msuli wa paja ukipata nguvu unaubeba mwili ambao goti lilikuwa likiubeba peke yake. La pili: kaa kitandani, weka leso iliyokunjwa chini ya goti, libonyeze, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, shusha. Mara tatu kwa wiki, na kutembea siku zote. Goti litauma kidogo, na hapo ndipo wengi huacha. Maumivu ya wastani yanayotulia kufikia asubuhi hayana ubaya. Yakilala nawe hadi kesho, punguza idadi. Matunda huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, muda ambao fundi wa sindano angekuwa amelipwa mara nne.

Kuhusu uzito, mahali ambapo mwili mnene ni heshima na ukame haujasahaulika, huwezi kumwambia mtu apungue kwa kutaja vipimo vya daktari. Mimi hutumia jerikeni. Kila kilo unayoipunguza mwilini huliondolea goti kilo nne kwa kila hatua. Punguza kilo tano, umeteremsha jerikeni iliyojaa, na umeiteremsha katika kila hatua ya siku nzima. Watu wanaoijua jerikeni hiyo mgongoni huelewa mara moja. Sukari ya chai ndiyo pa kuanzia. Zile sindano mpya za kupunguza unene zimeonyesha kupunguza pia maumivu ya goti, lakini bei yake kwa sasa ni ya watu wengine.

Mengine ni ya seremala zaidi ya daktari. Kigoda kiongezwe urefu, magoti yasipite kiuno. Kiti chenye tundu kiwekwe juu ya choo cha shimo. Maji yaje kwa mkokoteni wa punda. Na fimbo: mzee wa Ijara habanduki nayo, ila huilaza mabegani na kuitundikia mikono. Akiishusha aishike kwa mkono wa upande usiouma. Wengi huishika upande wa ugonjwa, ikawa pambo.

Nimeona pia kiti msikitini. Sheria ya dini iko wazi, asiyeweza kusimama aswali ameketi, wala thawabu haipungui kwa udhuru. Aibu ndiyo haisomi sheria. Mzee anayeweza kusimama na kurukuu lakini hawezi kushuka hupendelea kubaki nyumbani kuliko kuonekana juu ya kiti safu ya mwisho.

Wapo ambao goti lao limefika mwisho, hawalali usiku, mguu umepinda. Kwao ipo njia ya kubadilishiwa kiungo kwa cha chuma na plastiki. Mwingereza John Charnley alifungua mlango huo kwa nyonga mwaka 1962, goti likafuata, na leo takriban magoti 82 katika kila 100 yaliyobadilishwa hudumu miaka 25. Kenya upasuaji huu unafanyika, Nairobi, Kikuyu, Kijabe. Kutoka Masalani ni safari ya kwanza hadi Garissa, kisha kilomita 370 hivi hadi Nairobi, barabara ambayo mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata. Gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi, na swali la kwanza la familia ni bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani. Swali la pili hawaliulizi mpaka wamechelewa: goti jipya linatembea vizuri bila maumivu, lakini wengi hawawezi tena kupiga magoti wala kuchuchumaa. Mgonjwa alijue hilo kabla ya kisu. Kuna waliotoka wakishukuru, na kuna aliyelia kwa sababu alidhani anarudishiwa sijda.

Ayeyo hataki habari ya kisu. Mara ya mwisho nilipopita kibandani kile kiti cha plastiki kilikuwa bado ukutani. Mwenye simu ameshakata tamaa ya kurudishiwa. Ilikuwa baada ya alasiri, wateja wachache. Alijikalisha, akakunja mikono, akaanza kuhesabu kwa sauti kila anaposimama, *kow, laba, saddex*, na wajukuu wawili wakimwitikia kama chuoni. Alipofika *toddoba*, ya saba, goti likalia. Akalitazama, akanitazama, akaniambia nimimine chai mwenyewe kwa sababu yeye bado ana tatu.